Mlinzi Wangu Si Mjinga

Leo nina maneno, na nitayasema bila kuzungukazunguka.

Nimechoka na sisi watengenezaji wa michezo ya kompyuta. Mchezaji analeta malalamiko kwamba wafanyakazi ndani ya mchezo wanafanya vioja, nasi tunamjibu: "Hujui kucheza." Au tunacheka. Au tunamwongezea kitufe kimoja zaidi kwenye skrini ambayo tayari imejaa vitufe. Nasema "sisi" makusudi, kwa sababu mimi mwenyewe nilitoa jibu la kwanza kati ya hayo matatu, na likanipotezea mchezaji niliyekuwa namhitaji. Kwa hiyo mkiniona mkali, jueni kwamba fimbo ya kwanza nimejichapa mwenyewe.

Kwa wasiocheza, nieleze kidogo. Hii inaitwa michezo ya koloni. Unapewa ardhi na watu wachache. Humwendeshi mtu mmoja mmoja kama kwenye mchezo wa mpira. Unaweka alama tu: hapa palimwe, pale pajengwe ukuta, chumba hiki kiwe ghala. Nani atalima, nani atajenga, nani atakwenda kulala, hayo wanaamua wenyewe kwa kufuata sheria ambazo mtengenezaji ameziandika. Mkongwe wao ni Dwarf Fortress, kazi ya ndugu wawili wa Marekani, Tarn na Zach Adams. Ilitoka mara ya kwanza mwaka 2006, skrini ikiwa imejaa herufi na alama badala ya picha (toleo la kuuzwa lenye picha lilikuja Desemba 2022). Unaanza na vijitu saba vya ngano za Ulaya, vyenye ndevu na sururu. Halafu kuna RimWorld ya Tynan Sylvester, iliyofikia toleo la 1.0 mwaka 2018, na Oxygen Not Included ya kampuni ya Klei ya Kanada, iliyokamilika mwaka 2019. Hizi mbili kwa kawaida zinakuanzisha na watu watatu.

Na katika michezo yote hii kuna malalamiko ambayo hayaishi. Adui yuko langoni, mtu wako anatoka nje kuokota soksi ya maiti. Fundi anajenga ukuta vizuri kabisa, ila amesimama upande wa nje, amejifungia huko bila chakula. Mtu anavuka ramani nzima kwenda kubeba kitu kimoja, anapita vingine kumi njiani bila kuvigusa. Mwingine anajisaidia kwenye maji ya kunywa. Mchezaji anashika kichwa: hawa watu ni wajinga!

Mimi nasema si wajinga. Hebu niwape kisa changu kwanza.

Walinzi watatu

Jioni baada ya kazi huwa natengeneza mchezo mdogo wa aina hii, hapa Voi. Kijiji chake kiko chini ya mlima wa Sagalla. Kuna mahindi, kuna pojo, kuna shida ya maji, na usiku kuna ndovu. Anayeishi huku hahitaji kuelezwa habari za ndovu. Hifadhi za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi zimechukua zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti ya Taita Taveta, na ndovu hajui mpaka uko wapi. Niliweka hata uzio wa mizinga ya nyuki, kama ule ambao shirika la Save the Elephants, kupitia kazi ya Lucy King, limekuwa likiujaribu na wakulima wa Sagalla: mizinga inaning'inizwa kila baada ya mita 10, imeunganishwa kwa waya, na ndovu akiusukuma waya mizinga inatikisika, nyuki wanatoka. Lakini uzio kwenye mchezo wangu ni ghali, kwa hiyo mwanzoni mchezaji anategemea madungu, yale majukwaa ya miti ya kulindia shamba, na walinzi watatu wa kukaa juu yake.

Niliwapa watu wachache waujaribu. Wa kwanza alikuwa kijana anayeuza simu mjini. Baada ya siku mbili akanitumia ujumbe. Alisema walinzi wangu ni wajinga, kwa sababu ndovu wakikaribia wote watatu wanashuka na kwenda zao, mahindi yanaliwa. Akashauri niweke walinzi wasioona njaa.

Nilimjibu nini? Nilimwambia hakupanga vipaumbele vizuri, asome maelezo. Hakuufungua mchezo tena, na simlaumu.

Wiki mbili baadaye alipita nyumbani mama mmoja anayelima mahindi chini ya mlima. Alikuja kwa shughuli nyingine kabisa. Kompyuta ilikuwa wazi, akaona kijiji, akakaa kutazama. Usiku ukaingia kwenye mchezo. Ilipofika saa nane, walinzi watatu wakashuka kama walioitwa kwa kengele.

"Hawa wameitwa na nani?" akauliza.

"Hakuna aliyewaita, mama. Wameona njaa."

"Wote watatu? Kwa wakati mmoja?"

Nikanyamaza.

"Mwanangu, sisi mtu hashuki kwenye dungu mpaka wa kumpokea amefika. Na usiku wa ndovu hatuli pamoja."

Akachukua kilichomleta, akaenda zake. Mimi nikabaki na kompyuta yangu. Ndipo nilipofanya kile nilichopaswa kufanya siku ile kijana aliponiandikia: nilifungua programu na kusoma sheria zangu mwenyewe. Zilikuwa hivi:

1. Njaa ikifika 70 kati ya 100, acha kazi ukale.
2. Chagua chakula kilicho bora kuliko vyote, hata kikiwa mbali.
3. Ukimaliza kula, chukua kazi iliyo karibu nawe miongoni mwa zile zenye kipaumbele kilekile.

Soma moja moja, hakuna yenye kosa. Sasa ziunganishe. Walinzi wote watatu walizaliwa sekunde moja mchezo ulipoanza, njaa yao ikiwa 0, na njaa ikawa inapanda kwa mwendo mmoja. Kwa hiyo walifika 70 pamoja, wakala pamoja, wakarudi 0 pamoja, wakafika 70 pamoja tena, kama saa tatu za ukutani zilizotegwa na mtu mmoja. Chakula bora kilikuwa wali wa sherehe kule mwisho wa kijiji, wakati kando ya dungu kulikuwa na mahindi ya kuchoma. Walipomaliza kula, kazi ya karibu ilikuwa kuchota maji, nayo nilikuwa nimeipa kipaumbele sawa na ulinzi. Basi wakachota maji. Na saa ya ndovu nilikuwa nimeiweka saa nane usiku, ile ile ambayo njaa inafika 70.

Mlinzi wangu alinitii neno kwa neno. Kama kuna mjinga katika hadithi hii, mnamjua.

Sasa angalieni jambo ambalo ndilo kiini cha maneno yangu ya leo. Yule kijana aliona ugonjwa sawasawa: wote watatu, kwa pamoja, ndovu wakikaribia. Hiyo ni ripoti nzuri kuliko nyingi ninazopata kazini. Dawa yake ndiyo ingeua, kwa sababu walinzi wasioona njaa wangefanya kila mchezaji mwenye akili ageuze kijiji kizima kuwa walinzi na kuacha kulima. Lakini alikosea dawa kwa sababu gani? Kwa sababu mchezo wangu haukumwonyesha sababu. Kwenye skrini aliona maneno matatu tu: "Anakwenda kula chakula." Hakuona kwamba njaa zao ni sawa. Hakuona kwamba mahindi ya karibu yalikataliwa kwa ajili ya wali. Hakuona kwamba maji na ulinzi vina uzito mmoja. Nilimficha kila kitu, kisha nikamlaumu kwa kutojua. Usilolijua ni usiku wa giza, na taa nilikuwa nayo mimi.

Ndiyo maana nasema: mchezaji akikuambia mfanyakazi ni mjinga, anakuambia kuna sababu ambayo haionekani. Kazi yako ya kwanza ni kuionyesha. Kurekebisha sheria kunafuata baadaye.

Majibu matatu mabaya

Nimetaja majibu matatu tunayowapa wachezaji. Nianze na "hujui kucheza". Jibu hili linapendwa kwa sababu mara nyingi ni kweli! Kweli kijana hakupanga vipaumbele. Lakini mchezaji anayeweza kuujua mchezo wako kwa kusoma maelezo ya kurasa 40 tu si mchezaji uliyemfundisha, ni mchezaji uliyemchosha. Tena maelezo yangemwambia sheria zote tatu na bado asingejua kwamba njaa za walinzi zinakwenda sambamba. Jambo hilo halikuandikwa popote. Hata mimi niliyeandika sheria sikulijua.

Jibu la pili ni kicheko: "Aa, ndiyo raha yenyewe ya michezo hii!" Wanaolitoa hupenda kutaja paka wa Dwarf Fortress, nami nakipenda kisa hicho, kwa hiyo tukitazame vizuri. Mwaka 2015 Tarn Adams aliongeza vilabu vya pombe kwenye mchezo. Haukupita muda, wachezaji wakaanza kuripoti kwamba paka wanakufa na matapishi yametapakaa. Hakuna aliyewapa paka pombe. Ukweli ulipotafutwa ukapatikana huu: walevi humwaga pombe sakafuni; paka hupita hapo, miguu ikalowa; paka hujilamba kujisafisha, kama paka yeyote; na mchezo ulihesabu kila mlambo kama kikombe kizima cha pombe. Kwa mwili mdogo wa paka, hiyo ni sumu. Mnyororo wote ulikuwa na mantiki, ila kipimo kimoja ndicho kilichokosewa.

Watu wanacheka kisa hiki hadi leo. Lakini angalia wanacheka lini. Wanacheka baada ya kuelezwa sababu. Yule mchezaji wa kwanza aliyemkuta paka wake amekufa bila maelezo hakucheka, aliandika malalamiko. Sababu ndiyo iliyogeuza hitilafu kuwa hadithi. Na hadithi hiyo isingekuwapo kama ripoti za wachezaji zingejibiwa "ndiyo raha yenyewe" na faili likafungwa. Ukitaka mchezo wako uwe na hadithi kama hizo, huna budi kuwapa watu uwezo wa kuufuata mnyororo mpaka mwisho.

Jibu la tatu ni kuongeza kitufe. Hili ndilo jibu la watu wema, na ndilo linaloniudhi zaidi kwa sababu linafanana na kusikiliza. Mchezaji anasema walinzi wanashuka. Unamwekea kitufe cha "usishuke". Anasema wanakula mbali. Unamwekea orodha ya vyakula vinavyoruhusiwa kwa kila mtu. Baada ya mwaka ana vitufe 60 na bado hajui kwa nini mlinzi ameshuka. Umemhamishia kazi yako. Alikuja kuongoza kijiji, sasa anaandika sheria zako upya kwa kubonyeza.

Nisiwaonee wakubwa. RimWorld ina jedwali safi la kazi, unampa kila mtu namba 1 hadi 4 kwa kila aina ya kazi. Na kwa upande wa hisia, mchezo huo ni mwalimu wetu sote: mtu akinuna, unafungua ukurasa wake unakuta kila sababu na alama zake. Amekula bila meza, toa 3. Wachezaji wanautania sana huo mlo bila meza, lakini hakuna anayeuliza kwa nini mtu amenuna, maana imeandikwa. Kwenye uamuzi wa kazi ndipo giza linapoingia. Mfanyakazi anaruka gunia lililo karibu na kufuata la mbali, kumbe la karibu limeshashikiwa nafasi na mwenzake ambaye hajafika. Ukimwamuru kwa mkono alibebe, mchezo unakuambia limeshikwa na fulani. Akiamua mwenyewe, unaona tu mtu anayepita gunia. Wachezaji wakaamua kujitengenezea viraka, wenyewe huviita modi. Kuna unaoitwa Pick Up and Haul, unaomwezesha mtu kubeba vitu vingi kwa safari moja. Kuna While You're Up, unaomfanya abebe kitu kinachoelekea njia yake. Kuna Common Sense, yaani akili ya kawaida, unaomfanya mpishi asafishe jiko kabla ya kupika. Jina hilo la mwisho ni malalamiko matupu yaliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta.

Anayekaribia ninachokitaka ni Klei. Ndani ya Oxygen Not Included, ukimbonyeza mfanyakazi unaweza kufungua orodha ya kazi zinazomngoja, zimepangwa kwa mfuatano, na ukisogeza kishale juu ya kazi unaona uzito wake umetokana na nini. Bado watu wanalalamika kuhusu wafanyakazi wao, sana tu. Lakini wanalalamika kwa namba mkononi.

Kabla ya kompyuta

Sasa mtaniuliza, kwa nini hasira yote hii kwa ajili ya vijitu vya kwenye skrini? Kwa sababu mimi ni mtu wa Voi, na neno "koloni" huku si neno la mchezo. Tabia ya kukaa juu, kutazama watu wadogo wakizunguka chini, na kusema "wavivu hawa, wajinga hawa," tuliifahamu kabla umeme haujafika.

Ukifuata reli kutoka hapa kuelekea Nairobi, kilomita 50 hivi, unafika mto Tsavo. Mwaka 1898 palijengwa daraja la reli chini ya J. H. Patterson, afisa wa jeshi la Uingereza. Dunia inamkumbuka kwa simba wawili walao watu, aliowapiga risasi Desemba mwaka ule, ambao sasa wamo katika jumba la makumbusho la Field mjini Chicago. Lakini kwenye kitabu chake cha mwaka 1907 kuna jambo jingine linalonihusu mimi mwanaprogramu. Vibarua wake wengi walitoka India. Patterson anaeleza kwamba aligundua wengi wa waliojiita waashi hawakuwa waashi kamwe. Mwashi alilipwa rupia 45 kwa mwezi, kibarua wa kawaida rupia 12. Basi vibarua wakajiita waashi.

Patterson aliona hila. Mimi naona sheria. Umeweka lebo mbili, moja ina malipo karibu mara nne ya nyingine, na mlangoni hukuweka mtihani wa kuzitenganisha. Mpe sheria hiyo mfanyakazi wa mchezo wowote wa koloni na kesho kijiji kizima kitakuwa na waashi watupu. Patterson akabadilisha sheria, akaleta malipo kwa kipimo cha kazi. Kwa maelezo yake, waashi hao walipanga njama ya kumuua na kusingizia simba, na viongozi wao wakashtakiwa. Simtetei mtu anayepanga kuua. Nasema tu kwamba yeye aliyeandika sheria ndiye pia aliyeandika kitabu, na ndani ya kitabu wafanyakazi ndio wa ajabu.

Kisha kukawa na tarehe 1 Desemba. Baada ya miezi ya kuona wenzao wakiburutwa kutoka kwenye mahema usiku, mamia ya vibarua waligoma. Walimwambia hawakutoka India kuja kuwa chakula cha simba. Wakajilaza relini kuisimamisha treni, wakaipanda, wakaondoka. Kazi ya daraja ilisimama kwa wiki tatu hivi. Ukiitazama kutoka juu, bila kumwona simba, hiyo ni hitilafu kubwa: wafanyakazi wote wameacha kazi kwa wakati mmoja na kulala juu ya chuma. Ukimwonyesha msomaji simba, hakuna la ajabu hata kidogo.

Miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika kubeba kipande, kile kitambulisho kilichovaliwa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Mwajiri aliandika humo mshahara wa mtu na siku aliyoanza na kuacha kazi, akatia sahihi. Ilikuwa rekodi ya mfanyakazi iliyoandikwa na upande mmoja tu. Mfanyakazi hakuwa na mstari wa kuandika "niliondoka kwa sababu hii."

Najua mchezo ni mchezo. Kijitu changu hakina shingo ya kuumizwa na kikopo. Lakini sisi tunaoandika michezo ndio mchana tunaandika programu za kupanga zamu za walinzi, za kugawa kazi kwa waendesha bodaboda, za kupima nani amefanya kazi kiasi gani. Mkono ni ule ule. Mtu aliyezoea jioni kusema "mfanyakazi mjinga" badala ya kuuliza "sheria yangu imemfanya nini", asubuhi atamwandikia binadamu wa kweli programu isiyo na mstari wa sababu.

Basi tufanye nini?

Mimi nimefanya haya, na si magumu.

Kwanza, kila mfanyakazi anapochagua kazi, nahifadhi kazi tano zilizoshindana, alama za kila moja, na kilichoziangusha zile nne. Mtaniambia itakula kumbukumbu ya kompyuta. Hebu tupige hesabu. Wafanyakazi 50, maamuzi 20 ya mwisho ya kila mmoja, kazi 5 kwa kila uamuzi: mistari 5,000. Kila mstari baiti 32, jumla baiti 160,000. Picha moja ya simu inazidi hapo. Na hesabu ya alama tayari kompyuta ilikuwa inaifanya. Tulikuwa tunaitupa tu.

Pili, nimeweka kitufe kimoja: "Kwa nini?" Hakimwamuru mtu yeyote. Ukimbonyeza mlinzi anajibu: "Nina njaa 71. Nimeuacha mlo wa karibu kwa sababu wali una alama nyingi zaidi."

Tatu, mchezaji akituma malalamiko, faili lake la mchezo linakuja nayo pamoja na ile namba inayoanzisha bahati nasibu zote za mchezo. Naweza kuurudia usiku ule ule, ndovu wale wale, bila kubishana naye kama kweli aliona alichoona. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, bwana. Yeye alikuwa pale.

Nne, malalamiko nayasoma kwa macho mawili. Sehemu inayosema "nimeona hivi" naichukua kama ushahidi. Sehemu inayosema "weka hivi" naichukua kama dokezo la mahali panapouma, kisha natafuta dawa mwenyewe. Anayekubali dawa zote za wachezaji atakuwa na mchezo wa viraka vitupu. Anayekataa na ushahidi wao, atabaki anacheza peke yake.

Baada ya hapo ndipo nilipogusa sheria zenyewe. Kila mtu sasa anaanza na njaa yake, popote kati ya 0 na 40. Umbali wa chakula unapunguza alama zake. Na kwa heshima ya yule mama, mlinzi hashuki mpaka mpokezi amefika.

Je, vioja vimeisha? Vimeisha wapi! Mwezi uliopita mwanafunzi mmoja wa sekondari aliniletea taarifa ya mlinzi aliyekufa kwa njaa juu ya dungu, chakula kikiwa hatua kumi kutoka hapo. Lakini sikilizeni alivyoniandikia: "Nimebonyeza Kwa nini. Anasema anamngoja mpokezi. Mpokezi aliuawa na ndovu jana. Sheria yako ya kupokezana haijui kwamba mpokezi anaweza kufa."

Hakuna neno "mjinga" humo. Kuna ugonjwa, kuna sababu, na safari hii hata dawa yake ilikuwa sahihi. Mwanafunzi huyo hana uzoefu wa programu hata wa siku moja. Tofauti yake na yule kijana wa simu ni kwamba yeye nilimwonyesha.

Kwa hiyo wenzangu, mkipata malalamiko kesho, kabla hamjaandika "hujui kucheza", fungueni programu mkaangalie kama mchezaji angeweza kujua. Kama asingeweza, mwombeni radhi. Mimi juzi nilipita dukani kwa yule kijana nikamwomba. Alicheka, akaniuza chaja kwa bei ya juu, na akasema ataujaribu tena mahindi yakipona.